Vidole Vyako Mgongoni Mwangu

Shangazi yangu mpendwa,

Mwangaluka. Sijui salamu hii itakukuta wapi, ndiyo maana nakuandikia wazi, ili yeyote anayekufahamu akufikishie.

Unakumbuka tulivyokaa nyuma ya nyumba kule Migato tukichambua pamba? Nilipowashwa ulinikuna mgongo. "Tulia, mwanangu, nipate pale penyewe." Mama akapita, akaona, beseni likamtoka mikononi. Vidole vyako vyote vilikuwa vimesimama kwenye ngozi yangu, vyekundu, vimevimba, kama mkono unaotaka kutoka ndani. Majirani walipokuja kutazama, vilikuwa vimefutika.

Mabaka yakarudi. Mapajani, shingoni, asubuhi moja mdomo ukavimba nikashindwa kunywa uji. Zahanati nilifika ngozi ikiwa safi, nikaambiwa sina kitu. Basi watu wakatafuta aliyeniroga, wakakumbuka vidole vyako. Baba, kaka yako wa tumbo moja, alisimama mlangoni kwako mchana kweupe.

"Dada, ondoka kabla vijana hawajaja."

Nililia nikisema si wewe. Ulifunga kitenge chako, ukanitazama, ukasema tu, "Usijikune sana." Ukashika njia ya Nassa.

Mabaka hayakuondoka nawe. Hapo ndipo baba alipoanza kuogopa.

Alinipeleka hospitali Bariadi. Daktari, mama mmoja aliyehamia kutoka Tanga, aliuliza mengi: yalianza lini, kila baka hukaa muda gani, nameza dawa gani za maumivu, kama jua au nguo inayobana huyaamsha. Akazungushia baka moja kwa kalamu. Kesho yake duara lilikuwa tupu, na baka jingine limetokea begani. Vipimo vya damu na choo havikuonyesha kitu. Ndipo akachukua kifuniko cha kalamu, akakipitisha mgongoni mwangu. Tukangoja. Mstari ukainuka polepole, baba akitazama.

"Nani amefanya hivi?" akanong'ona.

"Mimi," daktari akasema. "Hata wewe unaweza. Pitisha vidole, mzee."

Alipitisha. Mimi sikuona kitu, nilisikia tu pumzi yake ikikatika nyuma yangu. Nilipogeuka, alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe.

Daktari alisema ni urtikaria sugu. Ngozi hujiamsha yenyewe kwa wiki nyingi, hata miaka, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Kwa wengine, ukiigusa tu inavimba. Akanipa vidonge vya mzio vya kila siku, akaonya kwamba koo likibana nikimbilie hospitali. Muwasho umetulia sana, Shangazi.

Baba alikwenda Nassa kukufuata. Ndugu zetu walisema hukufika. Njiani, kule Mwamanyili, mama mmoja alikumbuka kwamba ulipita ukaomba maji. Mama yule alipokea kikombe ulichomrudishia, akageuka kukiweka, akageuka tena. Njia ilikuwa tupu, na uwanda ule hauna pa kujificha.

Baba amezunguka kwa majirani wote, nyumba kwa nyumba, akisimulia alichokiona hospitali. Kila asubuhi anafagia mlangoni kwako. Akimaliza anasimama pale, anasema, "Mwangaluka, dada," kisha anasubiri uitikie.

Mwanzoni nilimwonea huruma. Sasa nami nikirudi na maji naweka ndoo chini, nasikiliza.

Ulipo, ulindwe. Na kama miguu yako bado inaijua njia ya nyumbani, uje.

Mimi,
mtoto wa kaka yako