Pete Nyeupe ya Mama

Karatu, nyuma ya mnada
6 Agosti 2024

Pasaen wangu,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo. Uliniambia kwenu wanaopeana shanga huacha kuitana majina na kuitana Pasaen maisha yao yote, na bangili yako ninayo mkononi ninapoandika. Arash mnaendeleaje? Baba na mama hawajambo? Bibi Kakenya na magoti yake? Mtoto Metui ameanza kucheka? Mimi nina afya, ila nyumbani si wote wazima, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimepiga simu ya baba yako mara tisa, haipatikani. Nampa Parsimei, kondakta wa basi la Loliondo. Amenihakikishia ataifikisha.

Kabla hujasoma zaidi, fanya jambo moja. Toa nje sanduku lako la bati, blanketi la kijani na shuka zote ulizoondoka nazo hapa. Viweke mbali na watu na mifugo. Mtoto asilalie blanketi hilo. Mahali sanduku lilipokuwa usipafagie. Ukimaliza, rudi usome.

Naanza na kosa langu. Unakumbuka chupa ndogo aliyokuja nayo mjomba Piusi kutoka machimboni, akaisukuma chini ya kitanda chetu? Iliandikwa DAWA kwa kalamu ya wino. Wewe ulisema labda ni ya minyoo ya ng'ombe, mimi nikasema mjomba hana ng'ombe, basi minyoo ni yake, tukacheka. Jumamosi moja mwezi wa saba ulipokwenda kuteka maji, nilikuwa nafanya usafi. Ufagio uliigonga ikapasuka, zikatoka shanga. Sijui niziite nini kingine. Zilikuwa shanga za rangi ya fedha zisizo na tundu, zikakimbia sakafuni kila upande, zikaingia kwenye nyufa na chini ya sanduku lako. Nikafagia. Nilifagia kama nilivyofundishwa, kona kwa kona, nikamwaga maji, nikafagia tena. Nyingine nilizitupa uwanjani, watoto wakaziokota kwa vifuniko vya soda. Sikumwambia mtu, maana mjomba ni mkali akiguswa vitu vyake.

Jana Mwalimu Dorkasi alitufundisha metali. Aliandika ubaoni: zebaki. Akasema ndiyo metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao ni sumu, hasa kwa watoto wachanga. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, na wengine huiita dawa tu. Kisha akasema, "Ikigusa dhahabu, dhahabu hugeuka nyeupe."

Niliacha kuandika.

Pasaen, pete ya mama ya ndoa. Aliivua ili akande unga wa maandazi, mdogo wangu Goodness akaichezea, ikapotea, na ni wewe uliyeikuta chini ya kitanda baada ya siku nne. Ulimrudishia kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeupe, naye akasema mbele ya uwanja mzima kwamba umeuza yake ya dhahabu ukamletea ya bati. Hukuiba na hukubadilisha chochote. Ni pete ile ile. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi, nikanyamaza. Habari za zebaki sikuzijua, lakini wewe nilikujua, na hilo lilitosha nisinyamaze.

Jioni hii namwambia mama. Kesho naenda ofisi ya kata. Goodness anakohoa wiki ya tatu sasa, na mikono ya mama inatetemeka hata anaposhika chupa ya chai. Tulidhani ni malaria.

Mtihani wa kidato cha pili umekaribia. Nafasi yako dawatini nimeiwekea daftari ili mtu asikae. Nijibu neno moja tu: blanketi liko wapi?

Ni mimi,
Pasaen, Hyasinta

*

Karatu, ukumbi wa parokia
10 Agosti 2024

Pasaen wangu,

Salamu tena, ingawa za kwanza hazijarudi. Namuomba Mungu muwe salama, na kama umenyamaza kwa hasira, basi uwe umenyamaza ukiwa umeshatoa blanketi nje. Hasira nitaivumilia.

Sasa tunalala ukumbini, familia kumi na moja, uwanja wetu wote. Nilipomwambia mama, hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda akaitazama pete, akauliza mara mbili, "Ulimwaga nini?" Asubuhi nilimfuata afisa afya wa kata. Alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa. Mchana ule ule alikuja akatutoa wote nje, akafungua madirisha, akapiga simu Arusha. Aliagiza kitu kimoja tu: hakuna kufagia.

Mama akasema, "Tangu nizaliwe sijaambiwa nisifagie. Huyu ana mama kweli?"

"Ufagio unayapasua matone, mama," afisa akamjibu. "Tone moja unalifanya mia, na yote yanatoa mvuke."

"Basi mwanangu amezidisha, maana anafagia mara mbili kwa siku."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Wataalamu walifika siku iliyofuata wakiwa na barakoa nene na mashine ndogo inayopima hewa. Chumbani kwetu mashine ililia kabla hawajavuka kizingiti. Walifunga mapazia wakalaza tochi sakafuni, na matone yakawaka kote, Pasaen, hata mahali nilipopaonea fahari kwa usafi. Waliyasukuma kwa kadi ngumu hadi yakaungana, wakayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yale madogo kama vumbi waliyanasa kwa utepe wa gundi. Kwenye nyufa walimwaga salfa, ule unga wa njano tunaonyunyizia nyanya. Magodoro, mazulia na nguo zetu nyingi vilitiwa kwenye mifuko ya plastiki, vimeondoka.

Lakini zebaki iliyokuwa kwa watoto hawakujua wataitafuta wapi. Nilichukua daftari nikapita mlango kwa mlango. Sikusema sumu, wangeficha. Niliuliza, "Nani ana shanga zinazokimbia?" Na nilisema mwenye kosa ni mimi, hakuna atakayechapwa. Vilipatikana vifuniko saba na chupa moja ya dawa ya kikohozi, katika nyumba nne. Mtoto mmoja alizificha ndani ya kiatu cha baba yake.

Sasa mjomba Piusi. Jana Ijumaa nilimkuta nyuma ya ukumbi akipuliza mkaa. Pete ya mama ilikuwa kwenye kijiko.

"Naichoma kidogo tu," alisema. "Dawa inaruka, dhahabu inabaki. Mama yako atapata pete yake na maneno yataisha."

Nikamwambia, "Mjomba, ikiruka inaingia kifuani mwako. Na Goodness yuko dirishani hapo."

"Nimechoma kitu hiki miaka sita, mwanafunzi."

"Naona, mjomba. Kijiko kinatetemeka."

Alikitazama kijiko. Nilinyoosha kiganja changu nikiwa na glavu waliyonipa wataalamu, na nilikusudia kusimama pale hata mpaka Jumapili. Alinipa. Kisha akamwaga maji kwenye mkaa, akasema, "Nenda kaniandikishe na mimi nipimwe." Jina lake nimeliandika la kumi na mbili.

Na bangili yako wameichukua. Mashine ililia ilipopitishwa kwenye mkono wangu. Niliwaomba, nikawaambia ni jina langu, lakini uzi ulikuwa umeshika zebaki. Niliivua mwenyewe, nikaitia kwenye mfuko wao wa plastiki. Kama yangu ilikuwa hivyo, sanduku lako je?

Andika. Hata kama ni kunitukana.

Pasaen, Hyasinta

*

Arash
14 Agosti 2024

Hyasinta,

Salamu. Huku watu hawajambo isipokuwa mmoja, mifugo wazima, mvua bado. Basi liliharibika njiani likalala siku nne, barua yako ya pili ikamfikia Parsimei hukohuko kwa gari jingine, kwa hiyo ameniletea zote mbili jana kwa pamoja, ameziweka ndani ya kofia.

Nilifanya ulichosema kabla ya kusoma zaidi. Blanketi la kijani analilalia Metui tangu nirudi. Nililivuta akiwa amelala, mama akapiga kelele akidhani nimechanganyikiwa. Anakohoa. Sanduku tulilifungulia nje. Bibi Kakenya akashika tochi, na kwenye bawaba tukaziona sita. Bibi akasema, "Nzuri. Zitungwe." Nikamwambia hazina tundu. Akasema shanga isiyo na tundu ni ya shetani, akarudi nyuma bila kulalamikia magoti.

Baba amempeleka Metui na mama kwa pikipiki hadi hospitali ya Wasso. Daktari amesema tumewahi. Atamwangalia tena wiki ijayo. Sanduku na vitu vyote viko ndani ya uzio wa miiba mbali na boma, na baba amekataza hata mbuzi kupita. Kwa hili nakushukuru, na mama anakushukuru, amesema niandike mara mbili. Nakushukuru.

Lakini la pete bado. Umeniandikia kwamba sikuiba. Mimi nilijua hilo kabla ya barua yako. Mama yako aliliita jina langu na neno mwizi mbele ya uwanja wote, na watoto wakanifuata hadi stendi wakinizomea. Barua yako nimeisoma mimi peke yangu. Nilimtafsiria baba, akasikiliza hadi mwisho, akasema yule mama alisema mbele ya watu, basi akaliondoe mbele ya watu wale wale. Bila hivyo sirudi Karatu, mtihani uwepo au usiwepo. Nami nakubaliana naye, ingawa naitaka ile nafasi dawatini.

Pole kwa Goodness.

Nanyokie,
aliyekuwa mgeni wenu

*

Karatu
20 Agosti 2024

Mpendwa Nanyokie,

Pole na mtoto. Nimeisoma habari ya Metui nikiwa nimesimama stendi, na Parsimei akaninunulia soda bila kuniuliza kitu. Goodness anaendelea vizuri, amepunguza kukohoa. Mama na mjomba wamepimwa, watafuatiliwa. Mikono ya mama imetulia kiasi.

Nilimsomea mama barua yako, yote, pamoja na pale pa kuzomewa. Akasema nikuandikie samahani. Nikamwambia umekataa karatasi. Akasema, "Mimi nisimame mbele ya majirani nijishitaki kwa mtoto wa kidato cha pili?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nimeanza kuwa na mdomo, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili tulikusanywa ukumbini. Afisa afya alisema hewa ya nyumba zote imepimwa mara ya tatu na tunaweza kurudi. Alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Nilisema chupa niliivunja mimi, niliyeisambaza zebaki kwa ufagio ni mimi, na Nanyokie alifukuzwa kwa jambo lililotoka mkononi mwangu. Sikumtazama mama. Nilikaa.

Halafu nikasikia kigoda kinasogezwa.

Mama alikuwa amesimama, amefunga khanga kiunoni kama anayekwenda kazini. Alisema, na naandika kama alivyosema: "Siku ile nilimwita mtoto wa watu mwizi. Nyote mlisikia, wengine mlitoka na masufuria mkononi ili msikie vizuri. Basi sikieni na leo. Aliokota pete yangu akanirudishia. Angekuwa mwizi asingenirudishia. Mimi Antonia nilimsingizia. Na watoto wenu waliomzomea, leo wafundisheni, kama mimi nilivyofundishwa na wangu."

Kisha akainua chupa iliyofungwa yenye pete, akaipitisha safu kwa safu, kila mtu aione ilivyo nyeupe na jina la baba lililochorwa ndani, ambalo siku ile kwa hasira hakulitazama. Wataalamu wameondoka nayo. Hakuna wa kuichoma.

Afisa afya ameandika kwa wenzake wa Loliondo waje wachukue sanduku. Msiliguse mpaka wafike.

Mama ameomba kalamu, mstari unaofuata ni wake.

Mwanangu Nanyokie, nisamehe. Kitanda chako kipya kipo, sakafu imezibwa nyufa. Shikamoo zangu kwa bibi yako, na baba aje mwenyewe awaulize majirani. Mama yako, Antonia.

Sijatia jina la shanga mwishoni. Hilo ni lako kulirudisha.

Hyasinta

*

Arash
26 Agosti 2024

Habari zako na za wote nyumbani,

Sisi tu wazima sasa, na Metui yumo. Daktari amesikiliza kifua chake akasema kiko safi. Amecheka, lakini kwa Bibi Kakenya tu, na bibi anajivuna kama aliyemzaa.

Watu wa afya walikuja juzi na glavu na mifuko. Sanduku limeondoka, nimelisindikiza hadi kwenye gari. Baba hakusubiri kuja kuuliza. Parsimei anatoka mtaa wenu, na Jumapili ile alikuwa ukumbini nyuma kabisa. Alimweleza baba kila kitu kwa Kimaasai, akaigiza hadi sauti ya mama yako na ile khanga kiunoni. Baba akamwambia arudie pale pa masufuria. Alipomaliza, baba aliniuliza basi la Jumatatu linaondoka saa ngapi.

Parsimei ananyoosha kofia yake apokee barua hii. Nimemkatalia. Nimekaa kiti cha pili nyuma ya dereva, nina mfuko wa nailoni badala ya sanduku, na naandika juu ya goti, kwa hiyo samehe mwandiko. Nitakupa mkononi.

Toa daftari lako kwenye dawati. Usiku wa jana nimetunga bangili mbili, nyekundu na buluu. Nimeyahesabu matundu yote.

Pasaen