Maji Yasiyotekwa

Kambi ya Wakimbizi ya Waldau, Bavaria
18 Novemba 1946

Dada yangu Hinde,

Nakuandikia mtoto yuko mapajani, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Hujambo huko Antwerp? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila usingizi hatuna. Anshel tumbo linamnyonga. Nikimwita jina la marehemu baba halafu nimwone anavyonyonya kwa fujo, nacheka peke yangu.

Uliuliza kama nimegombana na Leizer. Hatujagombana. Tangu nijifungue hatugusani, kwa sababu sheria yetu unaijua, mke aliyejifungua haguswi na mumewe mpaka azame, na kambini hakuna mikve, birika la kujitwaharisha, na kuzama mtoni kwa baridi hii ni kujiua. Nilimwomba mkuu wa kambi. Akanijibu, "Mama, bafu zipo, na maji ya moto Jumanne." Nitamwelezaje mwanajeshi yule kwamba sabuni ninayo?

Sasa Rabi Zusman na wanaume wamechimba shimo chini ya chumba cha kufulia, wakalisakafia. Mvua inateremka yenyewe kutoka kwenye paa, kama kwetu zamani. Maji ya kuteka kwa ndoo hayatwaharishi mtu, unajua. Basi tunangoja mvua. Leizer hana subira. Jana kaniambia, "Frumet, yaani nimepona vita ili niwe jirani yako?" Tulicheka, lakini niliyaona macho yake.

Mdogo wako,
Frumet

Antwerp
2 Desemba 1946

Mdogo wangu,

Kifua ni kilekile. Nashona glavu mpaka vidole vinakufa ganzi. Nashukuru mtoto ananyonya.

Lakini wewe una akili kweli? Watu wetu wote wamekwisha, na ninyi mnachimba shimo la kuzamia! Soksi nzima huna. Mkumbatie mumeo, ulale. Kabaki nani wa kukuhukumu?

Mbusu Anshel.

Dada yako,
Hinde

Waldau
9 Januari 1947

Dada Hinde,

Pole na kazi. Nimekawia kukujibu, na barua yako iliniuma, sikufichi. Mtoto hajambo. Mimi niko hivyohivyo.

Mvua ilikatika kabla maji ya shimo hayajafika kipimo, mabomba yakaganda. Asubuhi moja nimeshuka kufua nepi, namkuta Leizer na ndoo za maji ya kisima, anamimina shimoni.

"Nyamaza," akasema. "Kumebaki kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mke wangu?"

"Ndiyo maana."

Dada, ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimechoka vya kutosha kunyamaza. Lakini kuna maharusi wanaolingoja shimo hilo, na wao wangezama humo wakidhani wametwaharika. Nikaenda kwa rabi. Hakufoka. Aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akasema, "Basi tumwage yote, binti yangu. Tuanze upya."

Kambi nzima imejua. Leizer sasa hanisemeshi ila kupitia mtoto. "Anshel, mwambie mama yako supu inapoa." Nilifanya haki, nami sina raha.

Mdogo wako,
Frumet

Antwerp
20 Januari 1947

Frumet,

Nilisoma barua yako nimesimama, hata salamu nimesahau. Ungenyamaza, ningekudharau. Umesema, nimekukasirikia. Ndivyo nilivyo siku hizi.

Mimi sina mume wa kumrudia, na hayo maji sina haja nayo. Lakini wewe umeshaanza, maliza. Umesahau mwaka ule mabomba yalipoganda? Ulikuwa mdogo. Mama na wenzake waliijaza mikve kwa theluji. Mvua haibebwi kwa ndoo, theluji inabebwa. Nilibeba mimi mwenyewe. Huko Bavaria theluji mmekosa?

Dada yako,
Hinde

Waldau
11 Februari 1947

Dada yangu mpenzi,

Uko salama? Sisi tuko salama, na safari hii nasema kweli.

Nilimpelekea rabi maneno yako. Akasema, "Sheria hiyo naijua, binti yangu. Ila nani ana nguvu za kuzoa?" Nikambeba Anshel mgongoni, nikaanza na sufuria. Wanawake wakatoka na ndoo, mabeseni, hata sanduku la nguo. Bi Pesl, mpishi wetu, alikuwa akipiga kelele, "Vita vimeshindwa kuniua, theluji ndiyo itanizika!" Lakini hakupumzika.

Leizer akaja na koleo. Hakunitazama. Alizoa ua mzima mpaka viganja vikachubuka. Theluji ikiyeyuka ni kiduchu, dada, inakatisha tamaa. Tulizoa, ikapungua, tukazoa tena. Hatimaye rabi akapima, akasema imetosha, kipimo kikishatimia maji ya ndoo hayaharibu tena, sasa ruksa kuongeza ya moto.

Jana jioni nilizama. Bi Pesl alisimama juu yangu kuhakikisha hata unywele mmoja haujaelea. Nilisema baraka ile moja ya kuzama tu. Dua nyingine sikuwa na nguvu nazo.

Nilirudi chumbani, Anshel analia. Miezi yote hii Leizer humlaza kwanza kitandani, ndipo mimi nimchukue. Jana alinyoosha mikono, akanipa mtoto mkononi.

"Una baridi," akasema.

"Na wewe umeninunia muda wote huu."

"Bado nimenuna," akasema, wala mkono wangu hakuuachia.

Mdogo wako,
Frumet