Meza Juu ya Matofali

Nambis, Mbulu
17 Machi 2004

Shangazi Konsolata,

Kuna mlio mmoja haujaniondoka tangu Jumapili. Springi ya saa yangu, nyembamba kama unywele, iliruka kutoka kwenye kibano changu ikagonga bati la ukutani: ti. Nilipiga magoti sakafuni hadi adhuhuri, sikuipata. Ndicho kitu pekee nilichokisikia vizuri tangu tumzike mdogo wangu Modest mwezi wa kwanza.

Shikamoo. Nisamehe, ilitakiwa itangulie. Mzee wako na ng'ombe wa Nangwa hawajambo?

Sisi tunapumua. Aliyekufa ni kijana, kwa hiyo kwa mila yetu tunakaa kando hadi mavuno, msiba usivuke kwa wengine, unajua. Hakuna anayeingia. Majirani hutusalimia kutoka njiani bila kutoa mkono. Hatuazimi jembe wala moto. Mama anapalilia peke yake. Mimi silii, na mama hunitazama kama anayesubiri.

Nimejitengenezea mahali pa kurekebisha saa, ile kazi niliyoipenda tangu bwenini. Nimechagua chumba cha Modest kwa sababu dirisha lake liko kushoto. Sikuwa na sababu nyingine. Meza ya saa inatakiwa ifike kifuani ili viwiko vikae na mikono isitetemeke, basi nimeipandisha juu ya matofali manane. Nimetandika shuka jeupe. Aproni ya shule nimeipigilia misumari ukingoni, ili kinachodondoka kiangukie mapajani. Skrubu zinakaa kwenye vizibo vya soda, kila kizibo na zamu yake. Nina saa tatu: yangu, ya baba, na ya jirani yetu Nikolausi, aliyoileta Krismasi.

Ukipita Katesh, niombee kwa fundi saa lenzi ya jicho, hata iliyokwaruzwa. Katekista Tomaso anachukua barua zangu kwenye jiwe la mpakani. Yeye haogopi.

Mtoto wa kaka yako,
Violeth


Nangwa, Hanang
4 Aprili 2004

Mwanangu Violeth,

Marahaba, hata ikichelewa naipokea. Sisi wazima, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisomea nje ya ua, mzee asije akaninung'unikia.

Lenzi hiyo hapo, na bisibisi mbili. Fundi aliniuliza ni za nani. Nikasema za binti wa kidato cha sita aliyepandisha meza juu ya matofali kama kitanda cha bibi harusi. Alicheka. Mzee wangu anasema saa iliyotengenezwa na mwanamke itawahi kila mahali, hasa kwenye ugomvi.

Sasa nisikilize. Tengeneza unavyotaka, lakini kitu kisitoke kwenye nyumba hiyo. Najua umesoma. Baba yako hakusoma, na ndiye atakayeulizwa. Kula. Ukiweza kulia, lia.

Shangazi yako


Nambis
2 Mei 2004

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku mahindi yamebeba.

Saa ya Nikolausi inatembea. Niliisafisha kwa petroli, nikaikaza, nikaitazama siku nne. Haikupoteza hata dakika. Nilidhani nitafurahi.

Nimemrudishia. Niliiweka kwenye jiwe la barua, mkewe Bernadina akaichukua. Nilifikiri kabla ya kufanya hivyo: si moto, si chakula, si nguo, si mnyama. Barua zinapita pale na hakuna aliyedhurika. Baba hajui.

Violeth wako


Nangwa
23 Mei 2004

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini sikulala.

Habari imefika hadi huku mnadani. Ndama wa Nikolausi amekufa, na wazee wanasema msiba umevuka kwa saa. Nimeambiwa wanataka nyumba yenu ianze kuhesabu upya siku za kukaa kando. Violeth, mahindi ya kaka yangu yatavunwa na nani? Mama yako ana mikono miwili tu, na baba yako ana kile kifua.

Omba radhi. Vunja meza hiyo wakuone. Ningekuja, ila ningeishia njiani.

Shangazi


Nambis
11 Juni 2004

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakohoa, vinginevyo wazima.

Wazee walikaa upande wao wa kijito, sisi upande wetu, tukasemezana kwa kupaza sauti. Niliomba radhi. Mzee Sulle akaniuliza ile saa ilikuwa wapi siku Modest alipokufa.

Nikasema, "Ndani kwetu."

"Basi ilikuwa msibani pamoja nanyi. Ulimtoa mfiwa mapema."



Ndipo nikasema hesabu iniangukie mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyetoa. Nitakaa kwenye ghala la zamani kule mwisho wa shamba, na moto wangu, chungu changu na njia yangu ya maji. Baba na mama waachiliwe. Mama alisema, "Utakaa na nani huko?" Nikamwambia sina wa kukaa naye. Hapo ndipo aliacha kunitazama.

Walikubali. Kondoo wa kuitakasa nyumba alichinjwa Jumamosi, na Jumatatu majirani kumi na mmoja waliingia shambani kuvuna. Nikolausi alikuwa wa kwanza. Niliwaona kutoka ghalani, nikasikia mama akicheka jambo fulani aliloambiwa na Bernadina. Zamani ningetaka kujua ni jambo gani.

Meza sikuivunja. Nilihama nayo, matofali nikiyabeba mawili mawili. Nilitoboa ukuta wa kushoto kupata dirisha.

Wazee walitaka kunipa miezi mitatu tu. Usije ukamlaumu kaka yako: mwaka mzima niliuomba mwenyewe, mbele yao, na siku ya tano leo naihesabu.

Mtoto wa kaka yako,
Violeth