Kle iliyocheza ndani ya bulo

Mujukuu wangu Kambale,

Nakusalimu kutoka Butembo. Tuko wazima. Shangazi yako amevuna maharagi, na maua tuliyopanda kwenye kaburi la marehemu koko yako Masika, muke wangu, yameshika.

Unauliza kama ununue hapo Oicha ule mufuko wa kle alene nyingi zinazong'aa, vile vyuma vya pembe sita vya kukazia bulo za baiskeli, zile skrubu zenye tundu kichwani. Usichague kwa macho. Nenda sokoni na bulo moja mufukoni, uingize kle ndani yake kabla ya kulipa. Ikicheza hata kidogo, irudishe. Kle tatu zinazokamata vizuri zinatosha kuanza kazi.

Mimi nilichagua kwa macho. Siku moja Masika, tukiwa hatujaoana, aliniletea baiskeli ya baba yake, usukani umelegea. Kesho yake mzee alitaka kubeba viazi kutoka Masereka. Kle ilicheza, nikaizungushia kipande cha kopo la sardini, nikakaza kwa nguvu. Pembe za tundu la bulo zikaisha zote.

"Fundi, ile kle yako iko chuma ao muhogo?" Masika akauliza. "Baba atakuchapa, na mimi pia."

Nilienda mwenyewe kumwambia mzee. Akasema, "Nitaomba baiskeli ya jirani. Hii utaitengeneza weye mwenyewe."

Kuitoa ile bulo kulinichukua siku mbili. Lakini Masika alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza kama baiskeli iko tayari, basi makusudi nikaimaliza siku ya tano.

Koko yako, Paluku