Jasho la Vioo vya Gari Lako

Bigwa, Morogoro
9 Mei

Mwanangu Luqmani,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba, baba. Hali yako vipi huko Arusha? Unakula? Sisi tupo. Mvua haijatupa nafasi tangu mwezi wa tatu, na mlima hatujauona wiki ya pili sasa, ukungu mtupu. Dada yako Zuhura na kichanga chake hawajambo. Mwandiko usiucheke, darasa langu la nne unalijua. Kwenye simu nisingeweza, baba yako anasikia kila neno.

Naandika habari ya hili gari lako lenye kitanda na jiko ndani. Ulipoliacha hapa uani ulinipa masharti, nami niliyashika: turubai nililitoa, godoro nililisimamisha, mkaa nikauweka kwenye mabeseni uvute unyevu. Kila asubuhi nafuta vioo kwa kanga kuukuu. Lakini maji hayaishi, mwanangu. Yanachuruzika kutoka darini, pazia limeota ukungu mweusi, na ubao wa chini ya kitanda ukiubonyeza kidole kinazama kama kwenye muhogo uliochemka.

Nikamwita fundi Emmanuel. Akakagua juu mpaka chini, akasema hapavuji popote, maji haya yanatoka humu humu ndani. Akauliza nani analala humu. Nikamwambia paka. Akasema basi huyo paka wako, mama, anapumua kama mtu mzima. Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa kwenye kingazi cha gari nikalia.

Luqmani, anayelala humo ni baba yako. Tangu mwezi wa pili. Kile kikohozi nilichokuambia cha vumbi, hospitali walisema ni kifua kikuu. Dawa anameza. Alihamia humo mwenyewe, akasema hawezi kumkoholea mjukuu, akaniapisha nisikwambie, maana utaacha kazi. Godoro nilililaza siku ileile. Baridi ya mlima ikishuka anatetemeka, nami nikawa nafunga madirisha yote, hata lile tundu la darini ulilonikataza kuliziba nililiziba kwa gunia. Jioni namchemshia majani ya mkaratusi, anajifukiza humo humo chini ya blanketi. Ndiyo hayo maji.

Juzi nesi alikuja kumwona. Kufungua mlango tu, akarudi nyuma kwa lile fukuto. Akasema mgonjwa wa kifua anataka hewa kuliko blanketi, na kwamba tuliambiwa siku ya kwanza. Kweli tuliambiwa. Wewe ulisema nifungue kwa ajili ya gari, wao wakasema nifungue kwa ajili ya baba yako, na mimi nikafunga, kwa kumwonea huruma.

Sasa madirisha yapo wazi, gunia nimelitoa, na vioo leo vimeamka vikavu. Ila baba yako amekonda, suruali anaifunga kwa kamba, na tangu jana uji anaukataa. Ubao umeoza, utanigombeza, kisha utanunua mwingine. Wewe njoo. Usingoje mvua ikatike.

Barua hii anakuletea mwalimu Joyce, mpe maji ya kunywa, ametoka mbali. Zuhura anakusalimu. Baba yako naye angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Mimi mama yako,
Pili binti Abdulatif