Radi Ilipopiga Jiko

Jumatano, Kasulu

Masikio bado yananivuma. Mvua ilipoanza mchana, binti yangu Zuhura alikuwa jikoni akichambua maharage. Bibi yake akamwita sebuleni: "Zuhura, njoo unitungie uzi kwenye sindano." Hajakaa vizuri, radi ikapiga jiko. Mbuzi aliyejikinga humo akafa palepale.

Majirani wakaja. "Mshukuru Mungu, mama Zuhura." Nikaitikia, lakini sikuhisi kitu, si furaha si hofu. Hata chozi sikutoa.

Jioni nilitawadha, nikasujudu kushukuru. Maneno hayakuja. Nilipochelewa kuinuka Zuhura akauliza, "Mama, unaumwa?" Akasujudu kando yangu, nikawa nasikiliza anavyopumua.

Shukrani yangu ya leo ni hiyo tu. Mola aipokee.