Shimo la Tisa Nililolitoboa Mwenyewe

Jumatatu, 12 Januari

Joto! Saa nne asubuhi fulana imeshanata mgongoni. Nimekata mazulia yote tisa. Zulia ndilo jina letu sisi wa nyasi kwa pale panapozunguka shimo, palivyo laini hata mguu unaona haya kupakanyaga. Ziwa linametameta, wageni wa hoteli wanapiga picha kuliko wanavyopiga mipira.

Tangazo limebandikwa mlangoni pa karakana: Ijumaa wafanyakazi tunacheza gofu! Mashimo tisa, wawili wawili. Miaka sita natobolea watu mashimo, mwenyewe sijawahi kutia hata mpira mmoja.

Fundi wa vigari vya wachezaji kaja mbio, grisi hadi viwikoni. Kasema tucheze mimi na yeye. Akishinda, Jumapili nampeleka kwa mama. Nikishinda mimi, hataniuliza tena habari za ndoa, hata kwa utani. Ameshaniuliza mara tatu, na mara zote nimejibu "tutaona". (Napenda kuulizwa. Haya, nimesema.) Nikampa mkono, grisi yote ikahamia kwangu. Sijanawa mpaka sasa. Usinicheke, daftari.

Jumatano, 14 Januari

Mazoezi nyuma ya udobini, na fimbo zilizochakaa. Mpira wa kwanza haukuondoka kabisa. Wa pili ukatua kwenye beseni la mashuka. Shangazi, dada yake baba ninayekaa naye, ndiye mkuu wa madobi. Katoka na povu mikononi. Kasema bora nirudi kwenye mashine yangu ya nyasi kabla sijaua mtu.

Tatizo langu nalijua. Siwezi kuipiga nyasi! Nikinyanyua fimbo tu naliona jeraha nitakalolitia, mkono unalegea. Fundi yeye kila akipiga anang'oa bonge zima, nami nalikimbilia, nalirudisha, nalikanyagia lishike. Kacheka mpaka kakaa chini. Kaniita Mama Majani. Nikanuna kwa nje. Kwa ndani — moyo wangu jamani!

Wakati wa chai Shangazi kauliza, hivi nataka kushinda au kushindwa? Kushinda, bila shaka! Kanitazama juu ya kikombe. Kasema haya.

Alhamisi, 15 Januari

Leo nimekasirika kwelikweli. Mgeni mmoja wa kofia nyeupe kaniita "we wa majani", eti niondoe kivuli changu kwenye mpira wake. Kivuli! Kama nimekuja nacho kwenye mfuko.

Nikasogea. Lakini mchana bosi kaniambia nitoboe kabisa mashimo ya kesho. Loo! La tisa nikalipeleka ubavuni mwa kilima. Pale ukipiga mpira moja kwa moja, unateleza kulia, unashuka, unaishia mchangani. Kesho asubuhi, kabla ya mchezo wetu, Kofia Nyeupe atakoma!

Saa kumi bosi karudi. Kesho wageni wote wanakwenda kutembezwa ziwani, uwanja ni wetu. Mashimo yabaki yalivyo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe! Nimecheka peke yangu nimeegemea reki, machozi yakanitoka.

Ijumaa, 16 Januari, jioni

Naandika mbiombio, mwandiko huu nitausoma mwenyewe.

Shimo la kwanza nikafumba macho, nikapiga. Nyasi ikachanika! Pole, nyasi. Lakini mpira uliruka, ukaruka, udobini wakapiga vigelegele. La nne mpira wa Fundi ukaingia ziwani. Kavua viatu, kaufuata, katoka na mpira wa mtu mwingine. Shangazi ndiye anayehesabu mapigo, na anahesabu kwa sauti ya mnada, hakuna siri. Tumefika la tisa sare. Sare!

Fundi kalenga moja kwa moja. Mpira ukateleza kulia, ukashuka mchangani. Kapiga tena, ukashuka tena. Maskini, kamaliza kwa mapigo saba. Mimi nilikuwa nimepiga matano, na mpira wangu uko hatua tatu kutoka shimoni. Nikitia, ni sita kwa saba, nimeshinda.

Nikamtazama. Kajifuta jasho kwa mkono wa grisi, uso mzima mistari. Hapo ikaniingia — sitaki kushinda! Nikishinda, nani ataniuliza tena?

Basi kukosa mara mbili tu. Rahisi. Nikalenga kando kabisa, kushoto, hatua nzima kutoka shimoni. Nikapiga.

Mjinga mimi. Aliyekiweka kilima pale ni Mungu, lakini aliyeliweka shimo ni nani? Kushoto ndiko njia yake! Mpira ukapanda polepole, ukafikiri kidogo, ukageuka kulia. Tok.

Wakanibeba juu juu. Kila mtu anacheka, mimi nacheka huku namtafuta Fundi kwa macho. Fundi kanipa mkono kwa adabu. Kasema hongera. Basi, kaenda kurudisha fimbo.

Shangazi: umeshinda. Sasa?

Jumamosi, 17 Januari

Kanipita mara tatu leo. "Habari za kazi." "Kazi njema." "Jua kali." Hakuna Mama Majani! Mtu mwaminifu anaudhi sana.

Saa kumi na moja kaja nyumbani kurudisha glavu niliyoiangusha uwanjani. Shangazi kamkalisha barazani, chai ikamiminwa. Fundi anakoroga chai isiyo na sukari. Nikasema nafuata sukari ndani.

Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Nimelisoma upya sharti la Jumatatu, neno kwa neno. Yeye ndiye asiulize. Mimi sikukatazwa kuuliza popote!

Kesho Jumapili. Basi la kwenda kwa mama linaondoka saa tatu.

Shangazi anaita, sukari nimeifuata shambani? Ninayo mkononi, Shangazi, ninayo tangu saa ile. Fundi anakohoa. Nakuja. Nikifika tu mlangoni, kabla sijakaa, namwambia—